Kalamu Isiyonyonya Wino Haijafa

Ukipata kalamu ya wino ya zamani kutoka Marekani, Esterbrook J, ukainua kiwenzo (kijiti cha chuma) cha ubavuni na isinyonye wino, utaambiwa imekufa au nibu, ncha ya kuandikia, imeziba. Mara nyingi si kweli. Ndani yake mna kifuko cha mpira: kiwenzo kikiinuliwa, bamba jembamba la chuma hukibana kifuko; kiwenzo kikirudi, kifuko hutanuka na kuvuta wino. Mpira huo hukauka kwa miaka. Itikise kalamu sikioni. Vikicheza vipande ndani, umempata mwizi wako. Kiwenzo kikigoma usikilazimishe, kitavunjika, na hapo ndipo kazi ngumu inapoanza.

Kifuko kipya hugandishwa kwenye shingo ya kalamu, sehemu inayoshika nibu, na wengine hukimbilia supaglu. Inashika kweli, tena mno: atakayebadilisha kifuko mara ijayo atavunja shingo. Mafundi hutumia shelaki, gundi ya utomvu wa wadudu, kwa sababu hulainika kwa joto dogo. Kufungua pia ni kwa joto dogo: pasha shingo kwa mashine ya kukaushia nywele, vuta huku ukizungusha taratibu. Moto wa kiberiti, hapana kabisa; plastiki hupinda, na selulodi, plastiki ya kale, ya kalamu nyingine huwaka. Kwangua mabaki ya kifuko cha zamani, gandisha kifuko kipya kwa shelaki, kipake poda ya talki, rudishia.