Namele: jani linalofunga shamba

Ukiutazama kwa mbali utadhani ni mnazi mfupi, lakini namele si jamii ya minazi. Ni sikadi, mmea wa ukoo wa kale sana usiotoa maua. Jamaa yake tunaye hata mwambao wa Afrika Mashariki: mtapo. Huko Vanuatu, nchi ya visiwa zaidi ya 80 katika Pasifiki, mtu akikuta jani la namele limechomekwa kwenye njia ya shamba au limefungwa kwenye shina la mnazi, anageuza. Shamba limefungwa. Haking'olewi hata kiazi kimoja, wala haliokotwi hata dafu lililoanguka lenyewe.

Wenyewe, kwa Kibislama, lugha ya taifa ya huko, husema mahali hapo ni tabu. Tusichanganye na tabu yetu ya shida na mashaka, iliyotoka Kiarabuni. Ya kwao ni neno la visiwa vya Pasifiki, na kwa Kiswahili hasa ni mwiko. Tofauti ni kwamba mwiko huu una mwisho. Huwekwa kwa kibali cha chifu, kwa msimu au kwa shughuli fulani, kisha huondolewa.

Kwa nini wafunge? Harusi, mazishi au sherehe ya mtu kupandishwa daraja hutaka nazi na viazi vikuu kwa wingi, na kila nyumba ikichuma kidogo kidogo kila siku, siku ya shughuli itakuta shamba tupu. Jani linayapa mazao muda wa kukomaa. Kwangu mimi hapo ndipo penye uzito: ibada na kilimo havikutenganishwa. Anayevunja mwiko hajaiba nazi tu. Amemvunjia heshima chifu na mizimu ya mababu, na hulipa kwa nguruwe, mikeka au kava, mzizi unaotengenezewa kinywaji cha kimila. Faini ya nguruwe si ndogo, maana kwao nguruwe ndiye mali na ndiye cheo.

Ndiyo maana nchi hiyo ilipopata uhuru mwaka 1980, baada ya kutawaliwa kwa pamoja na Uingereza na Ufaransa, iliweka kwenye bendera yake majani mawili ya namele yaliyopishana ndani ya jino la nguruwe lililojikunja. Vijani vyake ni 39, sawa na idadi ya wabunge wa wakati ule.

Siku hizi jani hilo hufunga miamba ya bahari pia, samaki na konokono wa baharini wapate kuzaana. Hata kwenye ugomvi wa ardhi utalikuta limesimikwa mbele ya kiwanja au kuzuia barabara, na shughuli husimama mpaka wenye mamlaka ya kimila wakae, wasikilizane, na jani liondolewe.