Bata Si Kuku Mwenye Mdomo Bapa: Mambo ya Kujua Kabla ya Kuwachanja

Wafugaji wanaoleta mizoga ya bata maabara huanza na swali lilelile: "Mbona niliwachanja?" Tukiuliza ni chanjo gani, wanataja ya kideri, ule ugonjwa wa kuku uitwao pia Newcastle. Kuku walikuwa wanapewa matone, kichupa kikabaki, bata nao wakapata tone mojamoja.

Hawakukosea kuwapa. Virusi vya kideri vikimwingia bata, kwa kawaida yeye huendelea kula na kuogelea kama hakuna jambo, huku kinyesi chake kikiwapelekea kuku ugonjwa. Lakini chanjo ya kideri hukinga kideri tu, na vinavyowamaliza bata ni virusi vingine kabisa.

Cha kwanza ni tauni ya bata. Ilipoonekana Uholanzi mwaka 1923 ilidhaniwa kuwa aina ya mafua ya ndege, ila kulikuwa na jambo la ajabu: kuku hawakuugua. Leo tunajua ni virusi vya jamii ya hepesi, vinavyoshambulia bata, bata bukini na ndege wengine wa ukoo huo. Hupiga hata bata wakubwa walionona. Mayai hupungua ghafla. Bata hukimbia mwanga, kope zimegandamana, anakunywa maji kupita kiasi na kuharisha majimaji. Dume aliyekufa mara nyingi hukutwa uume umening'inia nje, dalili ambayo mtu akishaiona mara moja haisahau. Tukipasua mzoga tunakuta damu imevuja kwenye utumbo na moyo. Bata aliyepona naye si wa kuaminiwa sana, kwa sababu virusi huweza kujificha mwilini mwake na kutoka tena baadaye.

Kwa tauni ipo chanjo hai, yaani yenye virusi hai vilivyodhoofishwa. Hudungwa chini ya ngozi au kwenye msuli, kwa bata waliotimiza wiki mbili. Bata wa kuzalisha hurudiwa kila mwaka. Uzuri wake ni kwamba kinga huja upesi, kiasi kwamba hata ugonjwa ukiwa umeshabisha hodi, kuwachanja ambao bado ni wazima huweza kuokoa sehemu ya kundi.

Cha pili ni homa ya ini ya vifaranga wa bata, nayo ina hesabu tofauti. Huua vifaranga wa chini ya wiki sita, na walio chini ya wiki moja huweza kufa karibu wote. Asubuhi kifaranga anakula. Baadaye anaanguka ubavu, anapiga mateke, shingo inajikunja kuelekea mgongoni, na ndani ya saa moja au mbili ameshakufa. Wengi hufa wakiwa katika mkao huo huo. Mama yao aliye banda moja nao hana hata dalili.

Ukingoja kifaranga akue ndipo umchanje, umechelewa. Kwa hiyo anayechanjwa ni mama: mara tatu, wiki 12, 8 na 4 kabla ya kuanza kutaga, halafu kila baada ya wiki 12 akiwa anataga. Kinga hupita kwenye kiini cha yai, na kifaranga huanguliwa akiwa nayo tayari. Vifaranga wa mama asiyechanjwa huweza kuchanjwa siku ya kwanza, kwa kudungwa kwenye utando wa mguu au chini ya ngozi. Ndiyo maana ukinunua vifaranga, kabla ya kuuliza bei, uliza mama yao alichanjwa lini.

Mafua ya ndege nayaweka peke yake, kwa sababu chanjo yake si ya mtu kujinunulia na kujidungia. Ufaransa ilipata milipuko zaidi ya 1,300 mashambani katika msimu wa 2021–2022. Oktoba 2023 ikafanya chanjo kuwa lazima kwa mashamba yenye bata zaidi ya 250, dozi ya kwanza ikianzia siku ya 10 ya umri, na katika msimu uliofuata milipuko ilikuwa takriban 10 tu. Hata hivyo Marekani ilisimamisha kuagiza kuku na bata kutoka huko. Hofu ilikuwa kwamba bata aliyechanjwa anaweza kubeba virusi kimyakimya, na ndiyo sababu Wafaransa waliendelea kuwapima bata wao wakati wote. Kuchanja mafua bila mpango wa serikali na upimaji ni kuficha moto chini ya majivu.

Sasa tuje kwenye kudunga kwenyewe. Usimnyanyue bata kwa miguu. Miguu yake ni dhaifu kuliko ya kuku na huteguka kirahisi. Mshike mabawa yakiwa yamebanwa mwilini. Manyoya yake ni mazito, hivyo yatenganishe kwa vidole mpaka uione ngozi ya shingoni, chini kidogo ya kati. Ivute juu isimame kama kihema, kisha ingiza sindano ikielekea mgongoni, si kichwani. Ukimaliza, pitisha kidole. Ukikuta manyoya yamelowa, sindano ilitokea upande wa pili, na bata huyo amechanjwa kwenye daftari tu. Anayeonekana mgonjwa mwache, umwite daktari wa mifugo.

Chanjo ikae kwenye nyuzi joto 2 hadi 8 tangu dukani hadi bandani. Sindano za chanjo hai zichemshwe na kupoa; zikisafishwa kwa dawa ya kuua vijidudu, mabaki yake huua na chanjo. Kichupa kikishachanganywa kitumike ndani ya muda ulioandikwa kwenye lebo. Kilichobaki usikirudishe kwenye jokofu wala usikimwage kwenye dimbwi la bata, maana humo ndani bado mna virusi hai. Chemsha, kisha fukia.