Usisubiri kumaliza sarufi ndipo uandike

Hapa Mwanza watu wazima wengi wanaojifunza Kiingereza husema: acha nimalize sarufi kwanza, habari zangu nitaandika baadaye. Dhana hiyo inawachelewesha bure. Sarufi hukaa kichwani ikitumika, na kisa chako mwenyewe ndicho kinachoitumia.

Tuseme mama anayeuza dagaa pale Mwaloni, Kirumba, anasimulia siku yake. Kwa Kiswahili atasema: nilidamka, nikaenda mwaloni, nikanunua ndoo mbili, nikaanika. Ile "-li-" imetaja wakati mara moja tu, "-ka-" ikabeba yaliyobaki. Kiingereza hakina "-ka-". Kila kitenzi lazima kionyeshe wakati uliopita chenyewe: woke, went, bought, dried. Ndiyo maana wengi huanza vizuri na "went", halafu sentensi ya tatu wanaandika "buy". Mazoezi ya kujaza nafasi, yenye sentensi mojamoja, mara nyingi hayalifichui kosa hili. Aya ya kisa hulifichua papo hapo.

Umri nao usikutishe. Mwanzoni mtu mzima kwa kawaida hushika kanuni za sarufi haraka kuliko mtoto. Mtoto humzidi zaidi kwenye matamshi. Andika sentensi tano leo, kisha zipitie ukiangalia vitenzi tu.