Chuo Kikuu cha Allameh Tabataba'i: yanayodhaniwa na yaliyo kweli kuhusu vyuo vilivyounganishwa

Mjini Tehran kipo chuo kikuu cha serikali ambacho vitivo vyake vina umri mkubwa kuliko chenyewe. Chuo Kikuu cha Allameh Tabataba'i kilipata jina lake mwaka 1984, baada ya vyuo vidogo zaidi ya 20 vilivyokuwa vikifundisha biashara, lugha, sheria, mawasiliano, ustawi wa jamii na fani nyingine za aina hiyo kuwekwa chini ya uongozi mmoja, na leo ndicho chuo kikuu kikubwa zaidi nchini Iran kati ya vile vinavyojikita katika insia (fani kama lugha, fasihi na falsafa) na sayansi za jamii. Historia ya namna hii hukaribisha dhana potofu kwa sababu kila anayeisimulia huanzia mahali pake: mmoja huanzia kwenye tarehe, mwingine kwenye jina, mwingine kwenye Mapinduzi ya 1979 yaliyouangusha ufalme, na kila mmoja hupata kipande tu cha ukweli.

Dhana: chuo hiki kilianza mwaka 1984

Kwa upande wa karatasi, hilo ni sahihi. Lakini anayeisoma tarehe hiyo akadhani kwamba kabla yake palikuwa na uwanja mtupu huwa ameruka zaidi ya robo karne. Katika miaka ya 1950, 1960 na 1970, chini ya utawala wa mfalme Mohammad Reza Pahlavi, vijana waliomaliza shule za sekondari waliongezeka upesi kuliko nafasi zilizokuwapo katika vyuo vikuu vichache vya nchi, na pengo hilo likazibwa na taasisi zilizoitwa madreseh-ye ali, yaani shule za elimu ya juu. Nyingine zilianzishwa na wizara au mashirika ya umma yaliyotaka wataalamu wake, nyingine zilikuwa mali ya watu binafsi, na aghalabu kila moja ilishika fani moja au mbili tu. Hivyo ndivyo Tehran ilivyokuja kuwa na shule yake ya biashara, yake ya tafsiri na yake ya bima.

Mfano unaostahili kutazamwa kwa karibu ni ule wa ustawi wa jamii. Mwaka 1958 Sattareh Farman Farmaian, mwanamke wa ukoo wa kifalme wa Qajar aliyesomea fani hiyo katika University of Southern California nchini Marekani, alifungua mjini Tehran chuo cha kwanza cha kufundisha maofisa ustawi wa jamii nchini Iran. Wanafunzi wake hawakuachwa wajifunze darasani peke yake; walipelekwa hospitalini, katika vituo vya watoto yatima na katika mitaa ya kimaskini ya kusini mwa jiji, na kutokana na kazi hiyo vikazaliwa vituo vya ustawi wa jamii na huduma za uzazi wa mpango. Yalipokuja Mapinduzi, baadhi ya wanafunzi wake wenyewe walimkamata chuoni na kumpeleka katika makao ya wanamapinduzi. Aliachiliwa, akaihama nchi, na baadaye, katika jiji la Los Angeles, akaifanya kazi ile ile aliyokuwa akiifundisha Tehran. Mwanzilishi alikwenda, lakini fani ilibaki, na ikaingia katika chuo kikuu kipya ikiwa na mapokeo yake tayari.

Uandishi wa habari ulipita njia tofauti kidogo. Taasisi ya elimu ya juu ya habari na uhusiano wa umma ilianzishwa mwaka 1967, kwa mchango mkubwa wa Mostafa Mesbahzadeh, mwanzilishi wa gazeti la Kayhan, na wa mwanazuoni Kazem Motamednejad aliyekuwa amesoma Ufaransa. Mesbahzadeh aliishia uhamishoni. Motamednejad aliendelea kufundisha Tehran, akaulea uwanja wa mawasiliano ndani ya Allameh Tabataba'i, na hadi alipofariki mwaka 2013 Wairani wengi wa fani hiyo walimwita baba wa elimu ya mawasiliano nchini mwao. Kwa maoni yangu, wasifu wa mtu mmoja kama huyu unaeleza asili ya chuo hiki vizuri zaidi kuliko tarehe ya kuzinduliwa kwake.

Dhana: amri moja ilitolewa, na kesho yake vyuo vikawa kimoja

Mambo yalikwenda kwa hatua, na hatua ya kwanza ilikuwa kufungwa. Katika majira ya kuchipua ya mwaka 1980, kufuatia mapambano baina ya makundi ya kisiasa vyuoni, serikali mpya ilianzisha kile kilichoitwa Mapinduzi ya Utamaduni, na mwezi Juni masomo yakasimama nchi nzima. Mwezi huo huo Ayatollah Khomeini, kiongozi wa Mapinduzi, aliteua kamati ya watu 7, akiwamo mwanafalsafa Abdolkarim Soroush, kuangalia upya walimu, wanafunzi na mitaala. Vyuo vilianza kufunguliwa tena kidogo kidogo kuanzia mwaka 1982, huku wahadhiri wengi na wanafunzi wengi wakiwa wameondolewa.

Katika kipindi hicho cha milango kufungwa ndipo vyuo vidogo vilipopangwa upya. Havikuhamishwa moja kwa moja hadi kwenye chuo kikuu, kwani kwanza vilikusanywa katika majumuisho ya kati. Mawili kati ya hayo yana uzito katika habari hii: jumuisho la fasihi na insia, na jumuisho la utawala na biashara. Katika mwaka wa Kiirani wa 1363 (Machi 1984 hadi Machi 1985) mawili hayo yaliunganishwa, na hapo ndipo likatokea jina la Allameh Tabataba'i. Kwa hiyo chuo kidogo cha lugha, kwa mfano, kilipoteza uhuru wake mara mbili: kwanza kwa kuingizwa katika jumuisho, kisha jumuisho lenyewe kwa kuingizwa katika chuo kikuu. Anayezungumzia tukio moja anakipunja kipindi chote hicho.

Hapa pana jambo la kalenda linalowakanganya wengi. Mwaka wa Kiirani huanza karibu na tarehe 21 Machi, hivyo mwaka wao mmoja hugusa miaka yetu miwili. Ukikuta maandishi mawili yanayotofautiana kwa mwaka mmoja kuhusu chuo cha Iran, usiharakishe kumhukumu mwandishi.

Dhana: shabaha ilikuwa itikadi tu, au ilikuwa kubana matumizi tu

Wanaoipinga serikali ya Iran husema kwamba vyuo viliunganishwa ili vidhibitiwe, na wanaoitetea husema kwamba nchi ilikuwa na utitiri wa vyuo vidogo vilivyorudia kazi moja. Nadhani pande zote mbili zimeshika jambo la kweli na kuliacha la pili.

Upande wa itikadi hauwezi kukanushwa. Insia na sayansi za jamii ndizo zilizotiliwa shaka kuliko fani zote, kwa kuwa zilionekana kubeba fikra za Kimagharibi kuhusu binadamu, dola na sheria, na wanazuoni wa Qom, mji wa elimu ya dini ya Kishia, walishirikishwa katika kuzipitia upya. Ni rahisi kusimamia mtaala wa sosholojia au wa sayansi ya siasa ukiwa mahali pamoja kuliko ukiwa umetawanyika katika taasisi kadhaa zenye wakuu tofauti.

Hata hivyo palikuwa pia na tatizo la kiutawala ambalo serikali yoyote ingelikuta mezani. Taasisi za elimu ya juu za watu binafsi zilitaifishwa baada ya Mapinduzi, na nyingine zilikuwa zimeachwa bila wenyewe kwa kuwa waanzilishi walikuwa wamekimbia. Kifungu cha 30 cha Katiba mpya kiliitaka serikali kupanua elimu ya juu ya bure kwa kadiri ya mahitaji ya nchi kujitosheleza. Juu ya hayo, vita na Iraq vilikuwa vimeanza Septemba 1980 na vingeendelea hadi 1988. Serikali iliyorithi shule nyingi ndogo za biashara na lugha kwa mkupuo, huku ikigharimia vita, isingeweza kwa urahisi kuiachia kila moja mkuu wake, maktaba yake na ofisi yake ya usajili.

Dhana: ni chuo cha dini kilichoanzishwa na Allameh Tabataba'i

Muhammad Husayn Tabataba'i, mwanazuoni wa Kishia aliyepewa jina la heshima Allameh, yaani mwenye elimu kubwa, hakukianzisha chuo hiki, wala hakufundisha ndani yake. Alizaliwa Tabriz mwanzoni mwa karne ya 20, akasoma Najaf nchini Iraq, akafundisha falsafa na tafsiri ya Qurani mjini Qom, na akafariki Novemba 1981, wakati vyuo bado vimefungwa. Kazi yake kubwa ni al-Mizan, tafsiri ya Qurani aliyoiandika kwa Kiarabu katika majuzuu 20. Kupewa jina lake ilikuwa heshima kwa mwanazuoni aliyejadiliana kwa miaka mingi na watu wa falsafa wa nje ya hawza (vyuo vya dini vya Kishia), akiwamo Mfaransa Henry Corbin, na kwa chuo cha insia jina hilo lilibeba pia ujumbe kuhusu aina ya insia iliyotarajiwa.

Kinachofundishwa humo, lakini, ni uchumi, uhasibu, menejimenti, sheria, saikolojia, elimu, sosholojia, mawasiliano, lugha za kigeni, fasihi ya Kiajemi, bima, na teolojia ikiwa fani mojawapo kati ya hizo. Wanafunzi huingia kwa mtihani wa taifa uitwao Konkur, kama ilivyo kwa vyuo vikuu vingine vya serikali.

Dhana: kuunganishwa ni kuhamia mahali pamoja

Hili husahauliwa na watu wanaofikiria chuo kikuu kuwa ni uzio mmoja wenye lango. Vitivo vya Allameh Tabataba'i viliendelea kwa miaka mingi kukaa katika majengo yaliyotawanyika jijini. Mwanafunzi wa uchumi alikwenda maeneo ya katikati ya biashara, wa fasihi akapanda Saadat Abad kaskazini, na mipango ya kuvikusanya vitivo katika eneo la Dehkadeh-ye Olympic, magharibi mwa Tehran, imekuja hatua kwa hatua. Kuunganisha mihuri na mishahara ni kazi ya miezi. Kuunganisha majengo katika jiji lenye foleni na bei ya ardhi kama za Tehran ni kazi ya vizazi. Na pale ambapo kitivo kimekaa peke yake katika jengo lake, mazoea ya chuo cha zamani hayafi upesi.

Dhana: vyuo vyote vidogo vya Tehran viliishia hapa

Vilivyoishia hapa ni vya fani zinazohusiana na insia na sayansi za jamii, na hata hivyo si vyote. Kampasi ya kituo cha mafunzo ya menejimenti kilichoanzishwa katika miaka ya 1970 kwa msaada wa Harvard ilikwenda kwa Chuo Kikuu cha Imam Sadiq, ambacho si cha serikali. Taasisi za muziki, maigizo na sanaa za mapambo zilikusanywa katika kile kilichokuja kuitwa Chuo Kikuu cha Sanaa.

Dhana: muungano wa aina hii ulikuwa wa kwanza Iran, na kilichounganishwa hakitenganishwi

Chuo Kikuu cha Tehran chenyewe, kinachohesabiwa kuwa chuo kikuu cha kwanza cha kisasa nchini, ni zao la kuunganisha. Bunge lilipitisha sheria yake mwezi Mei 1934, Ali-Asghar Hekmat akiwa anaiongoza wizara ya elimu, na mfalme Reza Shah akaweka jiwe la msingi Februari 1935. Kwa kalenda ya Iran matukio yote mawili ni ya mwaka 1313. Vitivo 6 vilivyotajwa katika sheria hiyo vilijengwa kwa kiasi kikubwa juu ya shule zilizokuwapo. Tiba ilitokana na mafundisho yaliyoanzia Dar ul-Funun, shule iliyofunguliwa mwaka 1851 kwa jitihada za waziri mkuu Amir Kabir. Kitivo cha sheria na siasa kilitokana na shule ya sayansi ya siasa ya mwaka 1899, iliyokusudiwa kuandaa watu wa wizara ya mambo ya nje, na shule ya sheria iliyokuja baadaye, na shule hizo mbili zilikuwa zimekwisha kuunganishwa zenyewe kabla chuo kikuu hakijakuwapo.

Mkondo huo haukukoma mwaka 1984. Mwaka 2012 vituo vya mafunzo ya ualimu vya nchi nzima viliwekwa pamoja chini ya Chuo Kikuu cha Farhangian, na wigo wake wa kijiografia uliupita kwa mbali ule wa Allameh Tabataba'i, kwa kuwa vituo hivyo viko katika mikoa yote.

Lakini katika miaka hiyo hiyo ya 1980 ambapo insia ilikuwa ikiunganishwa, tiba ilikuwa ikitenganishwa. Sheria ya mwaka 1985 iliyounda Wizara ya Afya na Elimu ya Tiba iliondoa mafunzo ya udaktari kutoka mikononi mwa wizara ya elimu ya juu, na mwaka 1986 kitivo cha tiba pamoja na vitivo vya fani jirani vikaondoka katika Chuo Kikuu cha Tehran na kuwa Chuo Kikuu cha Sayansi za Tiba cha Tehran. Utaratibu huo ulifuatwa pia mikoani, na ndiyo sababu miji mikubwa ya Iran, kama Shiraz, Tabriz na Isfahan, ina chuo kikuu cha jumla na kando yake chuo kikuu cha tiba, kila kimoja kikiwajibika kwa wizara yake.