Michoro ya usimamizi wa mashauri: dhana potofu na ukweli wake

Tuchukue shauri la ulinzi wa mtoto lililomfikia afisa ustawi wa jamii. Siku taarifa inapopokelewa, hakuna anayejua kama mtoto atahitaji makazi ya muda, matibabu, ushauri nasaha, kupelekwa kwenye dawati la jinsia na watoto la polisi, au yote hayo kwa pamoja, wala lipi litatangulia. Kwa ajili ya kazi za namna hii, OMG, jumuiya ya kimataifa inayotunza viwango vya uundaji wa mifumo, ilitoa mwezi Mei 2014 lugha ya michoro iitwayo CMMN, kisha toleo la 1.1 mwezi Desemba 2016. Bado inasomwa visivyo, na usomaji huo mbaya huishia kwenye mifumo ya kompyuta inayomfunga mikono mtumishi au kumwacha bila ulinzi wowote.

Dhana: Kazi isiyo na mfuatano maalumu haina kanuni, kwa hiyo haichoreki.

Kukosekana kwa mfuatano si kukosekana kwa kanuni. Afisa hajui atafanya nini kwanza, lakini anajua vizuri mambo asiyoruhusiwa kuyafanya kabla ya mengine. CMMN huchora mipaka hiyo: kazi zinazowezekana, awamu zinazozikusanya, mafanikio yanayotarajiwa, na taarifa zilizomo ndani ya faili la shauri. Njia ya kupita ndani ya mipaka huachwa kwa mwenye shauri.

Dhana: Mstari kati ya maumbo mawili huonyesha kazi ipi inafuata ipi.

Hili ndilo kosa kubwa kuliko yote, na linatokana na mazoea ya kusoma michoro ya mtiririko. Katika CMMN mstari huo ni wa vistari na nukta, hauna kichwa cha mshale, na mchoraji anaweza kuuacha kabisa bila kubadili maana ya modeli. Maana hubebwa na kigezo, yaani almasi ndogo iliyopachikwa kwenye ukingo wa kazi au awamu: nyeupe ni kigezo cha kuingilia, nyeusi ni cha kutokea. Kigezo cha kuingilia hueleza kazi inaweza kuanza lini, kwa kutaja tukio, sharti, au vyote viwili.

Tuseme kazi ya kumkabidhi mtoto kwa ndugu ina kigezo kimoja kinachotaja matukio mawili: ripoti ya kuitembelea familia imekamilika, na ridhaa ya ndugu imeingia kwenye faili. Hapo ni lazima yote mawili yatokee. Mchoraji akipachika almasi mbili, kila moja ikiwa na tukio lake, moja ikitimia inatosha. Kwa hiyo almasi moja ikigeuzwa kuwa mbili, mtoto anaweza kukabidhiwa kwa ndugu ambaye hajachunguzwa, kwa sababu tu amekubali kumpokea. Naamini hapa ndipo panapostahili muda mwingi wa mchoraji, tena akiwa amekaa na maafisa wenyewe.

Dhana: Kazi ya hiari ni ile ambayo mtu huianzisha mwenyewe, na haina uzito.

Hapa mambo matatu huchanganywa. Kazi ya hiari, inayochorwa kwa ukingo wa vistari, haimo kwenye mpango wa shauri mpaka mtumishi mwenye idhini aiongeze shauri likiwa linaendelea. Uchunguzi wa kisaikolojia ni mfano mzuri. Kazi ya kuanzishwa kwa mkono tayari imo kwenye mpango, vigezo vyake vikishatimia husubiri tu mtu aamue kuianza. Nayo kazi yenye alama ya mshangao ni ya lazima: awamu haikamiliki ikiwa kazi hiyo bado inasubiri au inaendelea. Uhuru wa afisa na wajibu wake hukaa katika mchoro mmoja bila kugombana.

Dhana: CMMN ilikuja kuchukua nafasi ya BPMN, lugha ya kuchora michakato yenye hatua zinazofuatana.

Sivyo. BPMN, ambayo toleo lake la 2.0 lilitoka mwaka 2011, inabaki kufaa kwa kazi zenye mkondo unaojulikana, kwa mfano malipo ya nauli ya shahidi. Shauri la CMMN lina aina ya kazi inayoita mchakato wa namna hiyo, na nyingine inayoita uamuzi ulioandikwa kwa jedwali.

Dhana: Kiwango hiki kimekwisha kufa.

Ni kweli kwamba hakikuenea kama BPMN, na Camunda, injini (yaani programu inayoendesha modeli za michoro) iliyokiunga mkono katika toleo lake la 7, haikukiendeleza katika toleo la 8. Hata hivyo injini nyingine, Flowable, bado inaendesha modeli za CMMN, na timu isiyo na injini yoyote inaweza kuutumia mchoro kukubaliana, kabla ya programu kuandikwa, juu ya kazi zipi ni za lazima, zipi ni za hiari, na nani ana idhini ya kuziongeza.