Geuza Kijiko, Usome Mgongo Wake

Anayetuletea chombo cha fedha cha Kimarekani ili tumwambie ni kitu gani, karibu kila mara huanza na sura yake: mzabibu uliosokotwa shingoni mwa birika, maua yaliyojaa kifua kizima cha jagi, herufi za jina la bibi. Nami huvitazama vyote kwa furaha, maana ndivyo vilivyonivuta kwenye kazi hii ya kuhifadhi vyombo vya metali. Kisha naomba ruhusa nikigeuze chombo. Kwenye mgongo wa mpini wa kijiko, au chini ya kitako cha birika, kuna alama ndogo zilizogongwa, nyingine zimefifia hata zinahitaji lenzi. Hapo ndipo chombo kinapoeleza kilitengenezwa kwa kitu gani, na nani, na kwa ajili ya nyumba ya namna gani.

Sisi wenye Kiswahili tuna wepesi wetu wa kuielewa habari hii. Fedha kwetu ni metali, na fedha ni pesa. Katika nyumba za Marekani za mwanzoni mwa karne ya 19 mambo yalikuwa hivyohivyo, si kwa neno bali kwa vitendo: kijiko cha mezani kilikuwa pesa iliyobadilishwa umbo. Ninavyoiona mimi, habari yote ya vyombo hivi katika karne ile ni habari ya mambo hayo mawili kuachana.

Nchi ile wakati huo haikuwa na migodi ya fedha ya maana. Sonara wa Boston au Philadelphia alipata malighafi yake kutoka kwenye vyombo vikuukuu na kwenye sarafu. Dola za Hispania, nyingi zikiwa zimepigwa Mexico, zilizunguka Marekani kama pesa halali mpaka mwaka 1857. Mteja alifika na mfuko wa sarafu, zikapimwa, zikayeyushwa, zikamiminwa kwenye kalibu, na kipande kilichotoka kikafuliwa kwa nyundo mpaka kikawa kijiko. Malipo yalihesabiwa mafungu mawili: uzito wa fedha, halafu ujira wa mkono. Dola moja ilikuwa na uzito wa gramu 27 hivi, na kijiko chembamba cha chai cha miaka ya 1820 kinaweza kuwa na nusu ya hapo. Ukishika vijiko sita vya namna hiyo, umeshika kama dola tatu zilizowahi kupita mikononi mwa watu sokoni.

Ndiyo maana vijiko vingi vya kabla ya miaka ya 1860 vimegongwa neno COIN, ambalo ni Kiingereza cha sarafu. Wengine waligonga PURE COIN, wengine DOLLAR. Maana yake ni kwamba fedha iliyotumika ina usafi uleule wa sarafu ya serikali: sehemu 892 hivi katika 1,000, na kuanzia mwaka 1837 sehemu 900. Zilizobaki kwa kawaida ni shaba, inayoipa fedha ugumu. Masonara wa pwani yetu na wa Oman walifanya kazi kwa kanuni hiyohiyo katika karne hiyohiyo. Sarafu iliyotawala biashara ya Zanzibar ilikuwa riale ya Maria Theresa, yenye uzito wa gramu 28 na usafi wa 833, nayo iliyeyushwa ikawa vikuku, mitali na vipambo vya majambia. Bibi aliyevaa kikuku Malindi na bibi aliyekoroga chai Boston walikuwa wameweka akiba zao kwa njia moja.

Kwa nini basi mtu asizihifadhi sarafu zake kama zilivyo? Kwa sababu sarafu haina mwenyewe. Ikiibiwa, nani ataitambua? Kijiko kilikuwa na muhuri wa sonara na herufi za ukoo. Mwizi akikichukua, mwenyewe alitangaza gazetini, akataja muhuri, herufi na idadi, na sonara aliyeletewa bidhaa hiyo aliweza kuizuia. Shida ikiingia nyumbani, kijiko kilirudi kalibuni na kuwa pesa tena. Hapo ndipo vyombo vingi vizuri vilipotelea, ingawa vingine viliyeyushwa kwa sababu tu mtindo wake ulikuwa umepitwa na wakati.

Herufi hizo zinastahili kutazamwa kwa utulivu. Nyingi si za bwana wa nyumba. Ni za bi harusi, za jina lake la kwao kabla hajaolewa, kwa kuwa vijiko viliingia nyumbani pamoja naye. Chini ya sheria iliyorithiwa kutoka Uingereza, mali ya mke inayohamishika ilihesabiwa kuwa ya mumewe. Majimbo yalianza kuirekebisha polepole, Mississippi mwaka 1839 na New York mwaka 1848. Herufi zilizochongwa kwenye mpini hazikumpa mwanamke nguvu mahakamani, lakini zilieleza waziwazi kitu kile kilitoka kwa nani. Wako wanawake wa wakati ule ambao alama waliyoiacha duniani ni hizo herufi tatu, nami huzisafisha kwa uangalifu kuliko sehemu nyingine yoyote ya chombo.

Na sonara mwenyewe alikuwa nani? Jina linalonigusa zaidi ni la Peter Bentzon. Alizaliwa mnamo mwaka 1783 kwenye visiwa vya Karibi vilivyokuwa chini ya Denmark, akiwa na asili ya Afrika. Akawa mwanagenzi huko Philadelphia, kisha akafanya kazi kwa nyakati tofauti Philadelphia na kisiwani St. Croix. Muhuri wake, P. BENTZON, umebaki kwenye vyombo vichache vilivyotufikia. Watu weusi wengine wengi, watumwa na waungwana, walifua fedha katika karakana za miji kama Charleston, ila muhuri uliogongwa ulikuwa wa mwenye karakana. Kwa hiyo tunaposema kijiko hiki ni cha fulani, tunamtaja mwenye muhuri. Mkono ulioshika nyundo unaweza kuwa wa mtu mwingine.

Kuna tahadhari moja kuhusu mihuri. Uingereza ilikuwa na ofisi za kupima usafi wa fedha kabla haijauzwa, na alama ya simba ilikuwa ushahidi wa kipimo hicho. Marekani haikuwa na utaratibu wa namna hiyo, isipokuwa Baltimore kati ya 1814 na 1830. Kwingineko mnunuzi alilitegemea neno la sonara. Baadhi ya masonara waligonga vichwa, simba na nyota vinavyofanana na alama za Uingereza ili kumridhisha mteja, bila ofisi yoyote nyuma yake. Ukiona simba, usikimbilie kusema London. Sheria ya taifa zima ya kudai kwamba kilichogongwa kiwe kweli ilikuja mwaka 1906.

Katikati ya karne mambo yaligeuka kwa kasi. Mwaka 1842 bunge la Marekani lilipandisha ushuru wa vyombo vya fedha kutoka nje, na wenye karakana wakapata nafasi ya kukua. Huko Providence, Rhode Island, Jabez Gorham alikuwa ameanza kutengeneza vijiko mwaka 1831. Mwanawe John alileta mashine za mvuke na mitambo ya kugandamiza nakshi kwa pigo moja. Kazi ambayo fundi angeifanya siku nzima ikawa ya dakika. Alama ya Gorham ni rahisi kuitambua: simba, nanga na herufi G. Mwaka 1868 kampuni hiyo ilihamia kwenye fedha ya 925, na tangu hapo vyombo vyake vikagongwa STERLING. Tiffany wa New York walikuwa wameitangulia kwa miaka kadhaa. Ukiona neno hilo kwenye chombo cha Kimarekani, mara nyingi kitakuwa cha nusu ya pili ya karne hiyo au baada yake.

Lakini mageuzi makubwa zaidi yalikuwa ya umeme. Mwaka 1840 familia ya Elkington huko Birmingham, Uingereza, ilipata hataza ya kuchovya fedha kwa umeme. Chombo cha metali ya bei nafuu huning'inizwa ndani ya maji yenye chumvi ya fedha na sianidi, umeme unapitishwa, na fedha husafiri kutoka kwenye kipande cha fedha safi hadi ikalifunika umbo zima. Sianidi ni sumu kali, na wafanyakazi waliinamia mabeseni hayo kila siku. Ndugu watatu wa ukoo wa Rogers waliichukua kazi hii huko Hartford, Connecticut, na mwaka 1852 ikaanzishwa Meriden Britannia Company, iliyouza birika na masinia ya kuchovya nchi nzima.

Hapa ndipo yanapotokea makosa mengi ninayokutana nayo. Mtu huja na uma ulioandikwa 1847 ROGERS BROS akiamini ulitengenezwa mwaka 1847. Hiyo ni chapa ya biashara. Uma huo unaweza kuwa wa 1890 au wa 1930, na ni wa kuchovya. QUADRUPLE PLATE nayo humaanisha tabaka nene la fedha juu ya metali nyingine, mara nyingi mchanganyiko wa bati, antimoni na shaba. Ile iitwayo fedha ya Kijerumani haina fedha hata chembe: ni shaba, nikeli na zinki. Sisemi haya ili kuvidharau vyombo hivyo. Kwa mara ya kwanza familia ya karani au mwalimu iliweza kumwandalia mgeni chai kwenye birika linalong'aa. Ila birika hilo halikuwa akiba tena. Ukilipeleka kwa sonara aliyeyushe, hakuna pesa ya kutoka humo.

Upande wa matajiri mambo yalikwenda kinyume kabisa. Mwaka 1859 mshipa mkubwa wa fedha, ulioitwa Comstock, uligunduliwa Nevada. John Mackay, mhamiaji kutoka Ireland aliyetajirika humo, aliipeleka fedha ya mgodi wake kwa Tiffany ili mkewe atengenezewe seti ya mezani. Ilipoonyeshwa Paris mwaka 1878 ilikuwa na vipande zaidi ya 1,200. Kila chakula kikapata chombo chake: uma wa chaza, kijiko cha aiskrimu, koleo la dagaa, kisu cha samaki. Wakati huohuo wingi wa fedha na serikali kuacha kuitumia kwa sarafu kama zamani viliishusha bei yake, kutoka zaidi ya dola 1.30 kwa aunsi mwanzoni mwa miaka ya 1870 hadi senti 60 hivi mwishoni mwa karne.

Katika maonyesho hayohayo ya Paris, Tiffany walipata tuzo kubwa kwa vyombo ninavyovipenda kuliko vyote vya karne ile. Edward C. Moore na mafundi wake, wakijifunza kutoka Japani, waliuacha mwili wa jagi na alama za nyundo, kisha wakabandika juu yake samaki, kereng'ende na mabuyu ya shaba na ya metali nyingine. Uingereza isingekubali kuupa muhuri mchanganyiko wa namna hiyo. Kukosekana kwa ofisi za upimaji, ambako kulimfanya mnunuzi wa kawaida awe na mashaka, hapa kulimpa fundi uhuru.

Fedha huwa nyeusi inapokutana na salfa. Moshi wa makaa ya mawe, taa za gesi, mayai na sufu vyote vinayo, na nyumba za wakati ule zilijaa vitu hivyo. Kwa hiyo palihitajika mtu wa kusugua, siku zote. Robert Roberts, Mmarekani mweusi aliyekuwa mhudumu mkuu katika nyumba ya Gavana Gore wa Massachusetts, alichapisha mwaka 1827 mwongozo kwa watumishi wa nyumbani, na usafishaji wa vyombo vya fedha umo. Ung'aavu tunaousifu leo ni jasho la watu kama yeye.

Kama unacho chombo cha namna hii, kioshe kwa maji ya vuguvugu na sabuni laini, ukikaushe papo hapo kwa kitambaa laini. Usitumie majivu, mchanga, steeli waya wala limau na chumvi. Kila usuguaji huondoa fedha kidogo, na kwenye chombo cha kuchovya utaifikia shaba upesi. Weusi uliokaa ndani ya mistari ya nakshi uache, fundi aliukusudia. Kifunge kwa kitambaa cha pamba, mbali na raba na magazeti.

Mwisho, tazama shikio la birika. Fedha hupitisha joto kuliko metali nyingine zote, kwa hiyo mafundi waliweka pete mbili ndogo nyeupe pale shikio linapoungana na mwili, zisimuunguze mmiminaji. Mara nyingi pete hizo ni pembe za ndovu. Baada ya mkataba wa 1833 kati ya Sayyid Said na Marekani, meli za Salem, bandari ya Massachusetts, zilitia nanga Zanzibar zikiwa na nguo ya merikani na kuondoka na pembe, zilizobebwa mabegani kutoka bara hadi pwani. Nyingi ziliishia Connecticut, kwenye viwanda vya Deep River na Ivoryton. Pete hizo hupasuka kwenye maji ya moto, hivyo birika lisilowekwe kamwe, lifutwe tu. Na kabla hujalivusha mpakani uliza kibali, kwa sababu sheria za pembe zinahusu hata kipande kidogo kama kile.