Asilimia 0.98 au 0.79? Kupima ubunifu wa taifa kwa ajili ya sera

Mwaka 2010 Kenya ilitumia kiasi gani kwa utafiti na maendeleo? Ukifungua machapisho ya mwanzo utakuta 0.98% ya Pato la Taifa. Ukifungua yaliyofuata, kwa mwaka uleule, utakuta 0.79%. Kati ya tarakimu hizo mbili hakuna maabara iliyofungwa wala mtafiti aliyeachishwa kazi. Septemba 2014 Kenya ilihamisha mwaka wa kizio (mwaka ambao miaka mingine hulinganishwa nao) wa hesabu za uchumi wake kutoka 2001 hadi 2009, na Pato la Taifa likapanda kwa takriban robo. Fedha za utafiti zilibaki palepale. Kilichokua ni kigawanyo, yaani Pato la Taifa.

Kazi yangu ni takwimu za sayansi na ubunifu, na mfano huu huutoa kila ninapokutana na ofisa wa wizara anayetaka tarakimu moja ya kuweka kwenye hotuba. Tangu kikao cha Khartoum cha Januari 2006, Umoja wa Afrika unazitaka nchi wanachama zifikishe matumizi ya utafiti 1% ya Pato la Taifa. Sheria ya Kenya ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu ya 2013 ilikwenda mbali zaidi: iliutajia Mfuko wa Taifa wa Utafiti 2% ya Pato la Taifa kila mwaka wa fedha. Mwenye 0.98 mkononi atasimama bungeni aseme tumekaribia lengo la Khartoum. Mwenye 0.79 hathubutu. Na wote wawili wanazungumzia shilingi zilezile.

Tena hilo la kigawanyo ni dogo. Swali lenye uzito ni nani aliyelipa. Katika fedha hizo za 2010, kiasi cha 47% zilitoka nje ya nchi, serikali ilitoa karibu 26%, na kampuni za biashara zilichangia kama 4% tu. Kwa Korea Kusini, kampuni hubeba zaidi ya robo tatu. Mtunga sera akiziona tarakimu hizi tatu ana kitu cha kufanyia kazi. Akitaka kuwapunguzia kodi wenye viwanda wanaofanya utafiti, ajue mapema kwamba watakaonufaika ni wachache mno. Akitaka utafiti wa mihogo upewe kipaumbele kuliko ule ambao mfadhili ameupenda, ajue kwamba karibu nusu ya mkoba haumo mikononi mwake.

Ripoti ya kwanza ya viashiria vya Umoja wa Afrika, ya mwaka 2010, inaonyesha jambo hilohilo kwa namna inayokaribia kuchekesha. Nchi tatu tu zilivuka 1%: Malawi kwa 1.70%, Uganda kwa 1.10% na Afrika Kusini kwa 1.05%. Sijakutana na mtu, hata Lilongwe, anayeamini kwamba Malawi ilikuwa imeipita Afrika Kusini kwa utafiti. Pato la Taifa likiwa dogo, mradi mmoja mkubwa wa afya unaolipiwa kutoka nje unatosha kuipandisha asilimia, na ukimalizika asilimia nayo inashuka.

Yote hayo bado ni utafiti, na utafiti ni kipande tu cha ubunifu. Kwa utafiti tunafuata Mwongozo wa Frascati, kitabu cha kimataifa cha namna ya kupima utafiti, ulioanza 1963. Kwa ubunifu tunafuata Mwongozo wa Oslo, uliotoka mara ya kwanza 1992. Toleo la nne ni la 2018. Huu wa Oslo hauanzi kwa kuuliza umetumia fedha ngapi. Unauliza kama katika kipindi fulani, mara nyingi miaka mitatu, umeleta sokoni bidhaa mpya au iliyoboreshwa, au umebadilisha namna ya kuendesha kazi. Si lazima kitu kiwe kipya duniani. Kikiwa kipya kwako kinahesabiwa. Mimi nadhani hilo ni jambo zuri kwa nchi zetu, maana faida kubwa kwa uchumi hupatikana kitu kinapoenea. M-Pesa ilipozinduliwa Machi 2007 ilikuwa bidhaa mpya ya kampuni moja. Maelfu ya wenye maduka waliobadilisha namna ya kupokea malipo nao walibuni, kila mmoja kwa biashara yake.

Ila wenye maduka hao hawamo kwenye takwimu. Mwongozo unashauri uchunguzi ulenge biashara zenye wafanyakazi 10 au zaidi, na sampuli huchukuliwa kwenye orodha ya biashara zilizosajiliwa. Sasa tazama uchunguzi wa biashara ndogo na za kati uliofanywa Kenya 2016: zenye leseni zilikuwa kama milioni 1.56, zisizo na leseni milioni 5.85. Sekta isiyo rasmi inabeba zaidi ya 80% ya ajira. Uchunguzi wa ubunifu unaofuata kitabu kwa uaminifu unaiacha nje karibu nchi nzima, kisha unaitwa wa kitaifa.

Mfano ninaoupenda ni jiko la kauri la Kenya. Wazo lilitoka kwenye jiko la ndoo la Thailand mwanzoni mwa miaka ya 1980. Likafika kwa mafundi wa jua kali, yaani wa sekta isiyo rasmi, wa Shauri Moyo, Nairobi: fundi wa bati akatoa ganda lenye kiuno, mfinyanzi akatoa kauri ya ndani, na matumizi ya makaa yakapungua sana. Mafundi waliiga kwa kuangalia, bila kumlipa mtu. Leo utalikuta Dar es Salaam, Kampala na Kigali. Ukihesabu hataza (haki za uvumbuzi zilizosajiliwa), jiko hili ni kama halipo. Ukihesabu bajeti za utafiti za kampuni, vilevile.

Fahirisi ya Ubunifu Duniani, inayotolewa na WIPO, Shirika la Haki Miliki Duniani, inastahili maneno machache tu. Inachanganya viashiria karibu 80 kuwa nafasi moja. Kenya ilikuwa ya 88 mwaka 2022 na ya 100 mwaka 2023, na magazeti yakaandika kana kwamba wabunifu wamekimbia nchi. Nafasi hizo hubadilika pia kwa sababu ya takwimu zinazokosekana, mbinu mpya na nchi nyingine kusogea. Watayarishaji wenyewe wanaonya kuhusu kulinganisha mwaka na mwaka, na wanatoa kiwango, kutoka nafasi fulani hadi nafasi fulani, ambamo nafasi halisi ya nchi inaweza kuangukia. Hicho ndicho ningekichapisha gazetini.

Tufanyeje basi? Nisingeanzisha uchunguzi mpya. Gharama ni kubwa na hukoma ufadhili unapokwisha. Ningechomeka maswali manne au matano kwenye uchunguzi wa biashara ndogo ambao idara ya takwimu inaufanya tayari. Katika miaka mitatu iliyopita, kuna kitu umeanza kutengeneza au kuuza ambacho hukuwa nacho? Wazo ulilipata wapi: kwa mteja, kwa anayekuuzia mali, kwa fundi mwenzako, chuoni? Ulinunua mashine au kifaa gani? Nini kilikukwamisha? Nani ameiga ulichofanya?

Swali la mashine nisingekubali liondolewe hata karatasi ikijaa. Katika chunguzi nyingi za Afrika, kununua mashine na vifaa ndiyo shughuli ya ubunifu inayotajwa sana, wakati vyuo vikuu hutajwa mara chache kama chimbuko la mawazo. Jibu la swali hilo linaweza kumfikia kamishna wa forodha kabla halijamfikia waziri wa sayansi, kwa kuwa ushuru wa mashine ya kukunja bati na vipuri vyake unatozwa upande ule.